Namna ya kumsikiliza Wes Montgomery na wenzake watatu ukiwa Dodoma

Wengi wanaosema jazz ya Kimarekani haiwaingii waliionja vibaya. Walifungua wimbo wowote ulioletwa na simu, wakiwa nyuma ya bodaboda kutoka Nkuhungu, na dakika tatu baadaye wakawa bado wanamsubiri mwimbaji. Haji. Mwimbaji hayupo, chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, halipo, na gitaa la solo halikai kwenye mdundo mmoja mpaka watu wajae ukumbini kucheza. Ukienda na matarajio ya Morogoro Jazz au Western Jazz utarudi mikono mitupu, maana bendi zetu zilijiita jazz huku zikipiga dansi.

Dawa ni kuchagua onyesho moja na kukaa nalo. Lisikilize mara kadhaa, na kila mara mfuate mtu mmoja tu. La kuanzia, kwa maoni yangu, ni lile la mpiga gitaa Wes Montgomery na trio ya Wynton Kelly kwenye klabu ya Half Note, New York, Juni 1965. Wako wanne: Wes kwenye gitaa, Kelly kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye dramu. Albamu inaitwa Smokin' at the Half Note. Pat Metheny, naye bingwa wa gitaa, amekwisha sema hadharani kwamba hajaona albamu ya gitaa la jazz inayoizidi hii, na mimi sina hamu ya kubishana naye.

Nadharia ya muziki huihitaji. Kama umewahi kuimba kwaya na unajua do, fa na so zilipo, umeshaanza vizuri. Kama hujui, vidole vyako vitatosha, nitaeleza.

1. Hakikisha umepata rekodi yenyewe

Jina la albamu linadanganya kidogo. Toleo la kwanza lina nyimbo tano, lakini ni mbili za mwanzo tu zilizorekodiwa klabuni mbele ya watu: "No Blues" na "If You Could See Me Now". Tatu zinazofuata, yaani "Unit 7", "Four on Six" na "What's New", walizirekodi Septemba mwaka uleule katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey. Nazo ni nzuri mno, ila ukitafuta onyesho la jukwaani, anza na hizo mbili. Utazijua kwa makofi na kwa sauti za watu.

Mtego mwingine: nyimbo nyingine za usiku zile za Half Note zilitolewa baada ya Wes kufariki, kwenye albamu ya Willow Weep for Me, na baadhi yake ziliongezewa vyombo vya kupuliza studioni na mpangaji wa muziki Claus Ogerman. Ukisikia tarumbeta na filimbi zikijaa nyuma ya gitaa, hiyo siyo. Funga, tafuta tena. Yapo pia matoleo ya baadaye yaliyokusanya nyimbo za klabuni bila nyongeza. Hayo ni salama.

Pakua usiku kwa kifurushi cha usiku, na kwenye programu yako chagua ubora wa juu wa sauti. Wimbo wa "No Blues" unakaribia dakika 13. Ukikatika katikati kwa sababu ya mtandao, utapoteza hesabu na itabidi uanze upya.

2. Shughulikia sabufa kabla ya kumlaumu Wes

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Sabufa nyingi za sebuleni zimetegeshwa kwa ajili ya singeli na bongo fleva: kitufe cha besi kiko juu kabisa, na spika ndogo zimewekwa pamoja juu ya kabati la televisheni. Besi ya Paul Chambers ni ile kubwa ya mbao inayosimamishwa wima, inayopigwa kwa vidole, bila umeme. Kwenye sabufa ya namna hiyo inageuka ngurumo moja ndefu, na noti zake huzisikii. Shusha besi mpaka karibu na sifuri, kisha ipandishe taratibu hadi utakaposikia kila noti ikianza na ikiisha. Spika ndogo zitenganishe, moja kila upande wa chumba.

Spika ya simu yenyewe usiitumie, kwa sababu ina kosa la upande wa pili: besi inapotea kabisa na unabaki na watu watatu. Earphone za bei ya kawaida kutoka kwa Machinga zinatosha, mradi masikio yote mawili yawe yamevaa. Kuvaa sikio moja huku jingine likimsikiliza jirani ni kumfukuza mmoja wa wapigaji, kwa kuwa katika stirio vyombo vimegawanywa pande mbili.

Na muda. Kwenye miezi ya upepo, mabati ya Dodoma hupiga dramu yao wenyewe mchana kutwa, na Jimmy Cobb hana uwezo wa kushindana nayo. Alfajiri au saa tatu usiku ndiyo saa nzuri.

3. Mara ya kwanza: mfuate Chambers peke yake

Fungua "No Blues". Gitaa litakuita, lisikie tu lipite. Sikio lako liweke kwenye besi.

Utagundua anapiga noti moja kwa kila pigo, nne kwa kila kipimo, bila kusimama, akipanda na kushuka kama anayetembea. Hiyo ndiyo sakafu ya nyumba nzima. Katika dansi letu, besi hupiga kifungu kifupi kinachojirudia na kuacha nafasi. Hapa nafasi haiachwi. Gonga mguu pamoja naye kwa dakika mbili tatu. Mguu ukishakaa, ongeza mkono: bofya vidole kwenye pigo la 2 na la 4, siyo la 1 na la 3. Wengi wetu mkono hukimbilia la 1. Msaada upo ndani ya rekodi: Cobb ana matoasi mawili anayoyafunga kwa mguu, yanayolia "chik" kavu. Hayo huangukia la 2 na la 4. Bofya pamoja nayo, na ghafla muziki uliokuwa unaonekana umechanganyikiwa unaanza kuyumba kwa raha.

Usiendelee hatua ya nne kabla hili halijakaa. Hata ikichukua siku mbili.

4. Jifunze kuhesabu 12 kwa kidole gumba

"No Blues" ni bluzi ya vipimo 12. Ni wimbo wa mpiga tarumbeta Miles Davis, ambaye Kelly, Chambers na Cobb walikuwa wapigaji wake kabla ya kujitegemea, kwa hiyo wanaujua hata wakiwa usingizini. Kila kipimo kina mapigo manne, jumla mapigo 48. Mapigo hayo yakiisha, wanaanza upya palepale, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kila kinachotokea, solo ya gitaa, solo ya piano, ubunifu wote, kinatokea juu ya duru hiyo moja.

Chukua mkono wako wa kushoto, kiganja kikikutazama. Vidole vinne, bila gumba, vina pingili tatu kila kimoja. Gumba litembee kwa safu. Safu ya juu, pingili nne za ncha, ni kipimo cha 1 hadi cha 4: hapo muziki uko nyumbani, kwenye do. Safu ya kati ni cha 5 hadi cha 8: gumba linapogusa pingili ya kwanza ya safu hii, muziki unahamia fa, kisha kwenye cha 7 unarudi nyumbani. Safu ya chini ni cha 9 hadi cha 12: hapa unaelekea so, panakuwa na mvutano, kisha unashuka nyumbani kujiandaa kuanza tena.

Hesabu kwa sauti ya chini: "moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne", gumba likisogea kwenye kila namba ya kwanza. Aliyezoea kuhesabu tasbihi kwa pingili hatapata shida.

Utapotea. Ukipotea usirudishe wimbo nyuma, maana utazoea kuhesabu mwanzo tu na katikati hutaijua kamwe. Liache gumba lisubiri. Sikiliza ule mhamo wa kwenda fa, ambao ni rahisi kuutambua kuliko mwingine wote, kwa sababu rangi ya muziki inabadilika kama mtu aliyefungua dirisha. Ukiusikia, weka gumba mwanzo wa safu ya kati na uendelee. Dramu nazo husaidia: karibu na kipimo cha 12 mara nyingi Cobb hutia kitu kidogo, pigo la ziada au mfululizo mfupi, kufunga duru.

Baada ya hapo solo haiwi tena noti nyingi zinazomwagwa ovyo. Unajua aliyepiga yuko wapi. Unasikia kwamba sentensi fulani ilianzia kipimo cha 11 ikavuka mpaka duru inayofuata, na kwamba alifanya hivyo kwa makusudi. Raha ya jazz iko hapo, na aliyeikosa hapo akaitafuta kwenye kasi ya vidole ataishia kusifu mazoezi ya viungo.

5. Sasa mfuate Wes

Kwanza mjue ni nani. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1923. Alianza gitaa akiwa amekaribia miaka 20, baada ya kumsikia mpiga gitaa Charlie Christian kwenye santuri, na alijifunza kwa kunakili solo zake kwa sikio. Kusoma noti hakujua. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kibarua mchana na kupiga kwenye baa usiku, huku akiwa na familia kubwa ya kulisha. Na alipiga kwa kidole gumba, siyo kwa kipande cha plastiki ambacho wapiga solo wengi hutumia. Inasimuliwa kwamba alianza hivyo ili asiwasumbue majirani anapofanya mazoezi usiku. Gumba ndilo lililompa ile sauti ya mviringo, isiyo na makali, utakayoisikia kuanzia noti ya kwanza.

Solo zake ndefu zina mpangilio aliokuwa akiurudia, na ukiujua hutauacha. Huanza kwa noti moja moja, kama mtu anayeongea. Akishajenga hoja, anahamia kwenye okteva: do ya chini na do ya juu zinagongwa kwa pamoja, na melodi yote inasogea hivyo, jozi kwa jozi. Mwisho anaingia kwenye kodi nzima, noti tatu nne kwa mpigo, akipiga melodi kwa kodi kwa mwendo ambao wengine wanashindwa hata kwa noti moja.

Kazi yako kwenye "No Blues": gumba likiendelea kuhesabu, andika kwenye karatasi mstari mmoja kwa kila duru ya 12. Pembeni ya mstari weka alama: N kwa noti moja moja, O kwa okteva, K kwa kodi. Ukimaliza utakuwa na ramani ya solo nzima. Angalia anahama lini. Mara nyingi hahami mwanzoni mwa duru. Anachungulia okteva kidogo, anarudi, kisha ndipo anahama moja kwa moja. Angalia pia anakaa duru ngapi kwenye kila awamu, na jinsi dramu zinavyopanda pamoja naye.

Ukizunguka mara nyingi hivyo utaona ni kama kuendesha gari kwenye barabara ya mzunguko wa nje ya jiji letu: Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu, halafu Nala tena. Vituo havibadiliki. Anayebadilika ni dereva.

6. Kelly na Cobb: wanaojibu

Ukiurudia wimbo, mfuate Kelly wakati Wes ndiye anayeongoza. Usisubiri solo yake; sikiliza anachofanya chini ya gitaa. Anatupa kodi fupi fupi, leo hapa, kesho pale, zikiangukia mahali Wes alipovuta pumzi. Ni kazi ya gitaa la ridhimu kwa wanadansi, ila hana kifungu anachokirudia, anaitikia. Chunguza pia ni wakati gani piano imenyamaza kabisa. Mpiga piano wa jazz anaruhusiwa kujitoa akamwachia mwenzake nafasi ya besi na dramu tu, na ukilikuta pengo hilo, sikiliza jinsi gitaa linavyopanuka kuliziba.

Kisha Kelly anapochukua solo yake, sikiliza furaha. Sijui neno jingine. Ana namna ya kuegemea nyuma ya pigo bila kuchelewa ambayo mpaka leo wapiga piano wanaitafuta.

Cobb mfuate kwa toasi moja kubwa analolipiga kwa kijiti cha mkono wa kulia: "ting, ting-ka-ting, ting-ka-ting". Ni mtu asiyejionyesha. Wasikilizaji wapya humwona hana la ajabu, hadi wanapojaribu kumwondoa kichwani na kuona kila kitu kinaanguka.

7. Tazama gumba lenyewe

Picha za video za usiku ule wa Half Note usizihangaikie. Tumia zile za televisheni za Ulaya za mwaka huohuo wa 1965, Wes alipozunguka Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza akiwa na wapigaji wengine watatu kila mara. Zinapatikana kwa urahisi YouTube. Za Uingereza alipiga na Stan Tracey kwenye piano. Tafuta humo "Four on Six". Za Ubelgiji, kwenye piano yupo Harold Mabern.

Ukitazama, funga macho kwanza kwa dakika moja, utabiri kama anapiga okteva au kodi, halafu fungua uhakiki. Utaona mkono wa kulia: vidole vinne vimetulia kwenye mbao, gumba peke yake linashuka na kupanda. Mkono wa kushoto, kwenye okteva, vidole viwili vimefungwa kwa umbali uleule na vinateleza shingo nzima. Na usoni anatabasamu, jambo linaloudhi wapiga gitaa.

Kipande cha Uholanzi kina ziada: kuna sehemu Wes anawaelekeza wenyeji wake kodi za wimbo kwa mdomo na kwa vidole, kodi baada ya kodi. Mtu asiyesoma noti, na chumba kizima kinamfuata.

8. Wimbo wa polepole

"If You Could See Me Now" uuache hadi mwisho. Ni utunzi wa Tadd Dameron, na duru yake ni ya vipimo 32: sehemu ya A ya vipimo vinane, A tena, sehemu ya kati tofauti, kisha A. Mkono mmoja hautoshi kwa pingili, kwa hiyo hesabu sehemu tu, usihesabu vipimo. Kinachotakiwa ni kutambua pale melodi inapokwenda mahali pageni na pale inaporudi.

Kwa wimbo huu zima taa. Ukiwa umeufikia kwa njia hii, huhitaji maelekezo zaidi.

9. Kama mko wengi

Kusikiliza kwa kikundi kunawezekana, nimeona kunafaa zaidi kwa watu wanne au watano kuliko kumi. Kahawa, karanga, na kwa anayetumia, mvinyo mkavu wa hapahapa. Kila mmoja apewe mpigaji wake: wewe Chambers, shemeji Kelly, na kadhalika. "No Blues" ipigwe yote bila neno. Kisha kila mtu aseme jambo moja alilomsikia mtu wake akifanya, na mahali palipotajwa parudiwe. Zuieni jambo moja tu: mjuzi wa mezani anayeanza kutaja majina ya albamu 30 kabla kahawa haijapoa.

Ukishamaliza

Hatua inayofuata ni Full House, onyesho la Wes la Juni 1962 huko Berkeley, California. Kelly, Chambers na Cobb ni walewale, ila kaongezeka Johnny Griffin kwenye saksafoni, kwa hiyo utasikia gitaa likigawana nafasi. Baada ya hapo nenda kinyume: Jim Hall Live!, ya Toronto, 1975, gitaa, besi na dramu bila piano, noti chache na ukimya mwingi.

Na usiishie kwenye simu. Njia hii ya kufuata mtu mmoja kila mara inafanya kazi kwenye bendi yoyote ya dansi ya wikendi hapa mjini. Mfuate mpiga ridhimu, ambaye hakuna anayemwangalia. Inafanya kazi pia kwenye tamasha la muziki wa Wagogo kule Chamwino. Pale ilimba, ala yao inayopigwa kwa vidole gumba, huzunguka kifungu kilekile huku sauti zikibadilika juu yake, kwa hiyo gumba litapata kazi, ila safu hazitakuwa 12. Itabidi uzihesabu mwenyewe.